Bwawa la Walukuba: kisa cha maji mawili

Bwawa ninalolieleza hapa liko Walukuba, upande wa Jinja unaoteremka kuelekea Masese, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyestaafu kazi ya polisi. Mtaani wanamwita Afande mpaka leo. Mimi namwita Mama, naye ananiita fundi mbele za watu na mwanangu tukiwa wawili. Tumelihangaikia bwawa hili tangu mwaka 2019. Nakieleza kisa chake chote kwa sababu sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, na kwa sababu kila Januari nawaona watu wa kando ya ziwa wakichimba bwawa uani kwa imani ileile niliyokuwa nayo mimi, kwamba ardhi waliyoikuta kavu itabaki kavu.

Kiwanja kinateremka taratibu. Kutoka ukuta wa jikoni hadi ua wa nyuma ni kama mita 30, na katika hizo ardhi inashuka mita 1 na nusu hivi. Nje ya ua kuna shamba la magimbi, kisha mafunjo, kisha ziwa. Kabla ya kushika chepe tulipima kwa hatua tukapata kama mita 270 hadi majini. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinahifadhi mita 200 kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo tulikuwa nje ya mpaka. Ingekuwa mita 190, nisingechimba hata kwa kubembelezwa.

Vijana wa mtaa walichimba Januari 2019. Urefu mita 8, upana mita 5, kina mita 1.2. Juu walikuta udongo mweusi wa bustani, chini yake udongo mwekundu wenye changarawe, na karibu na sakafu udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Hayo madoa nayakumbuka vizuri, kwa sababu niliyaona na nikayapita. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu ni udongo ambao maji huujia na kuuacha, huujia na kuuacha, miaka na miaka. Ulikuwa unatueleza historia ya kiwanja kile nasi hatukuusikiliza. Shimo lilikuwa kavu, jua lilikuwa kali, na Mama alitaka ngege wake, yaani tilapia, waingie majini kabla ya mvua za Machi. Tukatandika mpira, ile karatasi nzito nyeusi ya mabwawa, tukafukia kingo zake, tukajaza maji.

Mwaka mmoja wa kwanza haukuwa na neno. Ngege walikua, wajukuu walipata mahali pa kukaa jioni, na Mama alikuwa anauza samaki wachache kwa majirani kila mwisho wa mwezi.

Ziwa lilipopanda

Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa nzito kuliko kawaida, na hazikukatika vizuri kabla ya zile za Machi 2020 kuanza. Ziwa Victoria, Nalubaale kwa wenyeji, hupata maji yake mengi, kama asilimia 80, kutoka mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile, hapo hapo Jinja. Tangu bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lianze kazi mwaka 1954, mlango huo unafunguliwa na kufungwa na watu, kwa makubaliano kwamba maji yatolewe kwa kiasi kile ambacho maporomoko yenyewe yangetoa kulingana na usawa wa ziwa. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa linapanda kwanza, na kushuka kwake ni kwa polepole sana. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita 1. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa sentimita 1 tu rekodi ya Mei 1964, mita 13.41.

Watu wa Jinja wanaukumbuka mwezi wa Aprili mwaka ule. Kisiwa cha mafunjo kiling'oka, kikaelea hadi kwenye mitambo ya bwawa la Nalubaale, na umeme ukazimika nchi nzima. Nyumba za Masese zilizokuwa karibu na maji ziliingiliwa. Kwa Mama maji hayakufika. Shamba la magimbi lililoa, lakini uani palikuwa pakavu, nyasi zimekatwa vizuri. Mtu akitazama angesema huyu amepona.

Wiki ya kwanza ya Mei bwawa lilikuwa limejaa pomoni na maji yake yamekuwa ya kijani kizito. Alfajiri ngege walikuwa wakipanda juu kutwetea hewa, midomo wazi, mistari kwa mistari. Mama akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akaazima pampu ya petroli kwa jirani, akatoa nusu ya maji jioni, ili asubuhi ajaze maji safi. Asubuhi akakuta mpira umeinuka katikati ya bwawa kama mgongo wa kiboko, mweusi, unang'aa, na samaki wamesukumwa pembeni kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Alinipigia simu. Mimi nilikuwa Iganga, na usafiri ulikuwa umefungwa tangu mwisho wa Machi kwa sababu ya korona, kwa hiyo nilitibu kwa simu mgonjwa nisiyemwona. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni gesi. Kuna majani yaliyooza chini ya mpira. Funga kisu kwenye ufito, toboa pale palipoinuka zaidi, itatoka." Gesi chini ya mpira ipo kweli, nimeshaiona mahali pengine, ndiyo maana neno lilinitoka haraka.

Akatoboa. Akanieleza kwamba yalitoka maji ya kahawia, yakapanda kwa utulivu, na mpira ukaanza kushuka polepole. Nilifurahi. Ilinipasa nishtuke pale pale. Gesi ingetoka kwa mapovu na kelele, na mpira ungelala mara moja. Uvimbe wa gesi ukiusukuma kwa ufito huwa mwepesi na hukimbia kama puto chini ya shuka. Huu wa Mama ulikuwa mpana, mzito, hausogei. Dalili zote zilikuwa mdomoni mwake, mimi sikuuliza hata swali la pili.

Tundu lililonyamaza miaka karibu miwili

Jambo lililotupoteza zaidi ni kwamba tundu lile halikuleta shida yoyote baada ya hapo. Mwaka 2020 wote na sehemu kubwa ya 2021 bwawa halikupungua. Mama alikuwa akinisifu kwa majirani kwamba bwawa lake halihitaji hata jerikani moja ya maji. Nami nilizipokea sifa.

Januari 2022 akapiga tena. Bwawa linakunywa maji. Anajaza jioni, asubuhi alama imeshuka. Safari hii nilipanda gari nikaenda.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua kama maji yanaliwa na jua au na ardhi. Kipimo chake hakina gharama, na natamani kila mwenye bwawa akijue. Unachukua ndoo ya lita 20, unaweka jiwe ndani isielee, unaisimamisha kwenye kina kifupi cha bwawa ili mdomo uwe juu ya maji. Unaijaza mpaka maji ya ndani yalingane na ya nje. Unapiga alama mbili, moja ndani ya ndoo na nyingine nje yake, kisha unaacha siku kadhaa bila kuongeza maji. Maji ya ndoo yanaliwa na jua na upepo peke yake. Ya bwawa yanaliwa na jua, na upepo, na popote yanapovujia. Tofauti ndiyo uvujaji.

Tuliiacha siku 4, na hakukunyesha. Ndoo ilishuka milimita 20, yaani 5 kwa siku, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa maji ya wazi huku kwetu wakati wa kiangazi. Bwawa lilishuka milimita 124, yaani 31 kwa siku. Ukitoa 5 unabaki na 26. Kwa bwawa la mita za mraba 40, hizo milimita 26 ni lita 1,040 kila siku: jerikani 52 zinazoingia ardhini wakati mwenye nyumba amelala. Mama aliposikia hesabu ya jerikani alikaa chini kwenye ngazi ya jikoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, lile tundu."

Ndiyo, lile tundu. Ila nilitaka kujua kwa nini lilinyamaza miaka karibu miwili. Tukachimba shimo jembamba hatua 3 kutoka bwawani, kwa mtaimbo na mikono, hadi zaidi ya mita 2, tukasimamisha bomba la plastiki la inchi 4 tulilolitoboa matundu pembeni, tukalizungushia changarawe na kulifunika kwa kifuniko. Kesho yake tuliteremsha kamba yenye jiwe. Maji ya ardhini yalikuwa sentimita 162 chini ya uso wa ardhi. Kisha Mama akanionyesha kwenye ukuta wa shimo la zamani la taka, pale kando ya ua, mstari wa matope ulioachwa na maji Mei 2020. Tukapiga usawa kwa mpira wa maji wa waashi mpaka kwenye bomba letu. Mstari ule ulikuwa sentimita 35 tu chini ya uso wa ardhi.

Yaani kati ya mwaka wa mafuriko na mwaka wa ukame, maji ya chini ya uani kwake yalitembea sentimita 127 kwenda chini, na hakuna aliyeyaona. Sakafu ya bwawa ilikuwa sentimita 120 chini. Mwaka 2022 maji ya ardhini yalikuwa chini ya sakafu, kwa hiyo tundu lilitoa maji nje. Mwaka 2020 yalikuwa sentimita 85 juu ya sakafu, kwa hiyo tundu lilikuwa likiingiza maji ndani, na sisi tukaita hilo kupona.

Na mgongo wa kiboko ukapata maelezo. Bwawa likiwa limejaa sentimita 120, maji ya ndani yalikuwa yanaukandamiza mpira kuliko yale ya nje yalivyousukuma. Mama alipotoa nusu, ndani zikabaki sentimita 60 dhidi ya 85 za nje. Sentimita 25 za tofauti ni msukumo wa kilo 250 kwenda juu kwa kila mita ya mraba, na mpira wenyewe haufiki hata kilo 1 kwa mita ya mraba. Ulikuwa lazima uinuke. Laiti ningemwambia ajaze maji badala ya kutoboa, ungelala wenyewe ukiwa mzima.

Tangu siku hiyo nikiitwa kwenye bwawa lolote karibu na ziwa, mto au kinamasi, swali langu la kwanza ni hili: maji ya pili yako wapi? Bwawa la uani lina maji mawili, yale unayoyatazama na yale yaliyo kwenye udongo nyuma yake. Yanasukumana usiku na mchana, na ukipima moja tu utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Njia tulizoziacha, na tuliyoishika

Kuziba tundu kungewezekana. Mpira hushonwa kwa kiraka na gundi yake, kazi ya asubuhi moja. Lakini tungerudi pale pale ziwa litakapopanda, na wazee wa Masese wanaoyakumbuka maji ya miaka ya sitini hawasemi "kama litapanda". Kuweka mawe juu ya mpira tulikufikiria, ila kushinda msukumo wa sentimita 85 ni karibu kilo 850 kwa mita ya mraba, na hapo hakutakuwa na nafasi ya samaki. Kuweka mifereji ya kunyonya maji chini ya mpira na pampu ni sawa kwa hoteli. Mstaafu anayenunua umeme kwa tokeni hawezi kulea pampu. Nilimweleza pia, kwa heshima, kwamba anaweza kulifukia na kupanda magimbi kama jirani. Alinitazama tu.

Tukakubaliana tupandishe bwawa juu ya ardhi, kwa udongo wa mfinyanzi, bila mpira. Tuliijaza sakafu ya zamani mpaka ikawa sentimita 40 tu chini ya uso wa ardhi, na tukajenga tuta la sentimita 80 kuzunguka. Maji yakijaa mita 1, uso wake uko sentimita 60 juu ya uwanja, na tuta linabaki na sentimita 20 za akiba. Hivyo hata ziwa likirudi pale lilipofika 2020, maji ya ardhini yangeipita sakafu kwa sentimita 5 tu, na ya ndani yangekuwa yanayakandamiza kwa mbali. Mfinyanzi nao hauelei. Unapitisha maji polepole pande zote mbili, kwa hiyo haubebi msukumo kama mpira.

Bei yake ni nafasi. Tuta la sentimita 80 linataka kilele cha mita 1 na mteremko wa hatua mbili kwenda pembeni kwa kila moja ya kwenda juu, kila upande, kwa hiyo kitako chake kilikula zaidi ya mita 4. Eneo la maji likabaki mita 7 kwa 5, na migomba mitano ikakatwa. Mama aliihuzunikia migomba kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliupanda mama mkwe wake.

Udongo tuliupata kwenye kichuguu. Huku kwetu kila mtu anajua udongo wa kichuguu unavyoshika, sakafu za nyumba za zamani zilisiribwa kwao. Jirani wa juu alikuwa na vichuguu viwili, akatupa kile kilichokufa. Kile cha kumbikumbi alikataa, na alikuwa na haki. Tuliujaribu kabla ya kuubeba: unalowesha konzi moja, unafinyanga donge, unalirusha juu na kulidaka. Likipasuka mkononi, halifai. Halafu jioni unachimba shimo dogo kwenye udongo ule ule, unalijaza maji, unalifunika kwa majani, na asubuhi unatazama yamebaki kiasi gani.

Chini ya tuta tuliondoa udongo wote mweusi wenye mizizi, tukachimba mtaro kuzunguka na kuujaza mfinyanzi, ili tuta lishikamane na ardhi badala ya kukaa juu yake kama sahani juu ya meza. Kisha tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila moja, lililoloweshwa kiasi cha kushikana kiganjani bila kukichafua, likashindiliwa kwa gogo mpaka likabaki kama sentimita 10. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vijana huchoka na kuanza kumwaga tabaka nene ili wamalize. Mama aliweka kiti kivulini akakaa siku 9. Miaka yake ya gwaride ilitusaidia sana; hakuna tabaka lililopita bila yeye kulikanyaga kwa kisigino.

Upande wa chini tuliacha shimo la kimbilio, mita 2 kwa 2, sakafu yake sentimita 110 chini ya uso wa ardhi. Bwawa likipungua samaki hukusanyika hapo, na wakati wa kuvua ndipo wavu unapopita. Bomba la kutolea maji linapita chini ya tuta, nalo tulilivika kola ya zege katikati, maana maji hupenda kufuata mgongo wa bomba na kujichimbia njia. Ndani ya bwawa bomba hilo lina kona inayozunguka na kipande kilichosimama wima. Kikiwa wima bwawa linakaa mita 1. Ukikilaza kidogo, maji yanashuka mpaka pale mdomo ulipo, hayazidi hapo. Mdomoni kuna wavu, na maji yanayotoka yanaishia kwenye shimo la changarawe ndani ya kiwanja. Hatukutaka maji ya samaki na mbolea yaende kwenye mafunjo.

Kulea maji yanayopanda na kushuka

Kosa la wengi ni kutaka bwawa likae kwenye alama moja mwaka mzima. Linachosha, na linakula maji ya bomba. Tuliamua mapema kwamba bwawa litaruhusiwa kushuka sentimita 30 katika kiangazi. Ufito uliopigwa alama unasimama ndani ya maji. Sentimita 100 rangi nyeupe, 70 rangi nyekundu. Kati ya hizo Mama hahangaiki. Likifika kwenye nyekundu anapunguza chakula kwanza, kisha samaki. Maji yakipungua hupata joto haraka, yanashika hewa kidogo, na mbolea iliyokuwa sawa mwezi uliopita inakuwa nyingi. Kipimo chake ni mkono: unauzamisha taratibu, na kama kiganja kimepotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, hakuna kuongeza samadi. Tulipanda ngege 80 kwa mita za mraba 35, na nisingezidisha hapo bila mashine ya hewa.

Wiki za mwanzo mfinyanzi ulivuja milimita 12 kwa siku ukitoa za jua. Mama alishtuka, mimi sikushtuka. Matope laini na uchafu wa samaki hushuka na kuziba vinyweleo, na baada ya miezi 5 ndoo ilituonyesha milimita 4. Pamoja na 5 za jua hiyo ni kama lita 315 kwa siku, na tangi la lita 5,000 linaloshika maji ya mabati linazilipa siku 15 bila tone la mvua. Paa lake ni kama mita za mraba 120, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaleta karibu lita 1,000 ukiondoa zinazopotea. Maji ya kwanza baada ya kiangazi tunayamwaga. Yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Mfinyanzi una adui mmoja, nao ni kukauka. Sehemu ya ukingo inayobaki wazi maji yakishuka hupasuka nyufa, na mvua ikirudi nyufa zile zinakuwa milango. Kwa hiyo ukingo wote una nyasi za kutambaa, zinazokatwa fupi. Fupi, kwa sababu nyasi ndefu zinazoning'inia majini na vidimbwi vinavyoachwa pembeni maji yakishuka ndivyo mbu wa malaria wanavyovitaka. Kwenye maji ya katikati ngege wanamaliza viluwiluwi, pembeni hawafiki. Kila maji yanaposhuka mjukuu mkubwa hupita na jembe kusawazisha vishimo, akiwa amevaa buti. Hilo la buti nalisisitiza. Pwani yote ya Jinja ina kichocho, na konokono wanaokibeba hawahitaji mwaliko.

Halafu bomba la kupimia. Hili Mama alilichukua kama kazi ya zamu. Kila Jumamosi anateremsha kamba, anasoma ufito, anaandika namba mbili kwenye daftari la shule: maji ya juu, maji ya chini. Tulikubaliana sheria moja ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuivunja, mimi nikiwemo: shimo la kimbilio halikaushwi mpaka bomba lisome zaidi ya 120, yaani maji ya ardhini yawe chini ya sakafu ya shimo na nafasi ya kutosha ibaki.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, na Mei likaipita hata rekodi ya 2020. Daftari la Mama lina namba za mwezi ule: 100 na 28. Maji ya ardhini yalifika sentimita 28 kutoka uso wa uwanja, sentimita 12 juu ya sakafu ya bwawa. Maji ya ndani hayakutikisika. Alfajiri mbili ngege walipanda kutwetea tena, naye hakugusa pampu; alisimamisha chakula siku 4 na kumimina maji ya tangi kutoka juu kupitia bati lenye matundu yashuke kama mvua. Hakupoteza samaki.

Halikupita bila jeraha. Tuta la upande wa chini lililainika kutoka nje, kwa miguu yake kukaa kwenye maji miezi mitatu, na kaa walitoboa mahali pawili. Kona ile bado inatoa jasho. Tumeongeza udongo nje mara mbili, na nadhani itatulazimu kufungua kipande cha mita 2 na kukishindilia upya, kazi ambayo inafaa ifanywe Januari au Februari.

Jumamosi iliyopita simu yangu iliingia ujumbe kutoka kwake. Hakukuwa na salamu, ambalo si kawaida yake, namba mbili tu: 83 na 127.

Nikamjibu, "Vua, Mama."